Siku Munyiva Alipomshona Kasyoka

Kwanza tuelewane: Munyiva si daktari, si mganga, na hajawahi kusema yeye ni mmoja wao. Siku hizi kuna watu wa Mitaboni wanaomletea mpaka mbuzi wenye vidonda, na anawafukuza mlangoni. Kazi yake ni kusuka viondo. Mimi ni Ngina, jirani yake, ua wa mkonge tu ndio unaotutenganisha, na siku hiyo nilikuwapo toka mwanzo hadi mwisho, damu ya kuku ikiwa mikononi mwangu. Ukisikia mtu anaisimulia vingine, mwambie Ngina amesema hukuwapo.

Munyiva ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na kichwa kigumu ajabu. Ule ua wa mkonge ulipandwa na mumewe, Wathome, na Wathome alipofariki watoto wakiwa bado wadogo, Munyiva aliugeuza ukawa karo ya shule. Anakata majani, anayapara, anaanika nyuzi, anazisokota juu ya paja huku akikusikiliza, na jioni unashtukia kiondo kimefika nusu. Nimemwona akisuka huku anakoroga uji na kumgombeza mbwa. Na usukaji wake umebana! Sisi humtania kwamba ukimwaga maji ndani ya kiondo cha Munyiva, maji hukaa yakifikiria kwanza ndipo yavuje.

Mwaka jana akaanguka akitoka kuteka maji. Mkono wa kulia ukavunjika pale kifundoni. Ulipotolewa plasta ulikuwa umepona, lakini umebaki umepinda kidogo, na hapo ndipo midomo ilipofunguka. Katika kikundi chetu cha kusuka wakatokea wenye huruma ya uongo, wakasema mama wa watu apumzike, awe anasokota nyuzi tu, kusuka waachiwe wenye mikono mizima. Munyiva akaendelea kusuka. Mimi nilijibu, na sitayarudia hapa maneno niliyowaambia.

Halafu akaja Kisilu, kitinda mimba wake, dereva wa lori la simiti huko Athi River. Kisilu anampenda mamake, hilo silipingi. Alikuwa na wasiwasi wa kweli.

“Mwaitu,” akamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu, “twende tukae pamoja. Huku uko peke yako. Ukianguka tena nani atakuokota?”

Sasa, Munyiva aliwahi kwenda Athi River. Kwa Kisilu ni vyumba viwili ghorofani, vumbi limetanda mpaka kwenye sukari, na chini hakuna hata kipande cha udongo cha kukanyaga. Alikaa huko akiangalia kamba za nguo za majirani mpaka miguu ikavimba. Aliporudi aliniambia, “Ngina, huko hata kutema mate unatafuta ruhusa.”

Kwa hivyo alimjibu mwanawe, “Na kuku wangu watachungwa na nani?”

Wakati huo uwanja wake ulikuwa umejaa kuku. Kisilu akacheka. Akasema mbele yangu, na mbele ya mzee Ndolo, ndugu ya marehemu Wathome, “Sawa, Mwaitu. Kama kuku wapo, kaa. Lakini siku kuku wakiisha, unapanda gari bila maneno.”

“Wakiisha wote?”

“Wakiisha wote.”

Wakapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe, na sote tukacheka. Nani angedhani?

Mvua zilipokwisha, ukaingia ule ugonjwa wa kupinda shingo. Wee! Kila asubuhi Munyiva alitoka na jembe. Wakaisha wakubwa, wakaisha vifaranga, akaisha jogoo aliyekuwa akituamsha mimi na yeye. Mwisho akabaki kuku mmoja mwekundu, naye akalala chini, macho yamefumba. Tulimchimbia shimo. Tukamweka kando yake. Tulipogeuka kuchukua jembe, yule kuku alisimama, akajikung'uta, akaanza kuchakura udongo wa kaburi lake akitafuta wadudu! Nilicheka nikakaa chini. Munyiva akampa jina la Kasyoka, yaani aliyerudi.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Kati ya Munyiva na ile ghorofa ya Athi River, alisimama kuku mmoja.

Kikundi chetu husukia pale kwa Munyiva, kwenye kibaraza cha jiko. Wakati huo tulikuwa na oda ya viondo vya akina mama wa kwaya, zambarau na manjano. Sasa, kiondo kikiisha kusukwa huwa kina manyoya ya katani pande zote, na sisi huyanyoa kwa wembe mpaka kiwe laini. Yale manyoya huanguka chini. Nani anayajali? Kasyoka alikuwa akipita katikati ya miguu yetu akidonoa pumba za mahindi, nasi tukimsifu. Jioni, kama kila mwenye kuku anavyofanya, Munyiva alikuwa akimshika kile kifuko cha chini ya shingo, kile kinachopokea chakula kabla hakijashuka tumboni, akikikuta kimejaa anafurahi.

“Huyu amelala ameshiba,” ananiambia.

Kifuko kilikuwa kimejaa jioni. Kumbe kilikuwa kimejaa asubuhi pia, na hakuna aliyemshika asubuhi. Siku moja Munyiva akambeba kumtoa kwenye mboga, akasimama ghafla.

“Ngina, njoo ushike hii kuku.”

Nikamshika. Ngai! Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Mfupa wa kifua umechongoka kama kisu, na pale shingoni uvimbe mgumu, mkubwa, umening'inia. Akafungua mdomo, harufu iliyotoka nikageuza uso. Kuku tuliyekuwa tukimsifu kwa kula alikuwa anakufa njaa mbele ya macho yetu.

Dawa zikamiminika. Mmoja akasema majivu, mwingine akasema shubiri, mwingine akasema mafuta machafu ya lori, na huyo nilimwambia akayanywe yeye. Munyiva alimpa mafuta ya kupikia kwa kijiko akamkanda uvimbe taratibu, asubuhi na jioni. Uvimbe haukusonga. Mimi mwenyewe nilimwambia, “Mama Kisilu, mchinje tu. Anateseka.” Alinitazama jicho moja nikanyamaza.

Mzee Ndolo hakunyamaza. Kwetu Ukambani firigisi ni ya mwanamume wa boma, na tangu Wathome afariki, Ndolo amejiweka kuwa mwenye firigisi zote za boma lile. Alikuja, akamzunguka kuku, na naapa alikuwa akimeza mate.

“Chinjeni huyo kabla hajafa,” akasema. “Na mjue firigisi ni yangu.”

Kisha akatoa simu, akampigia Kisilu kwamba kuku wa mwisho anakata roho. Nilitamani kumrushia mwiko. Kisilu akajibu ataomba pikapu ya rafiki yake, atafika Ijumaa, mama afunge vitu vyake.

Munyiva hakufunga kitu. Alimfunga Kasyoka kwa leso, akamtia ndani ya kiondo, kichwa nje, akaenda sokoni Mitaboni, mimi nikimfuata nyuma nikihema. Pale kwenye agroveti, duka la dawa za mifugo, yuko kijana anaitwa Aloys, mpole, na kazi yake anaijua. Alimpapasa kuku kwa muda mrefu.

“Mama, huu si uvimbe wa ugonjwa. Kuna kitu humu ndani kimekataa kushuka. Amekula nini?”

Tukatazamana. Aloys akaangalia kile kiondo, akaangalia nyuzi zilizokuwa zimeshikana na leso ya Munyiva.

“Mnasukia wapi, mama?”

Yale manyoya ya katani yakanijia machoni.

Akatueleza kwamba daktari wa mifugo yuko Katangi kwa chanjo ya ng'ombe, na mpaka arudi kuku hatakuwapo. Lakini kitu hicho hutolewa, akasema. Unapasua ngozi, halafu unapasua kifuko, unatoa uchafu, unaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, unashona.

“Kosa la watu ni kushona ngozi na kifuko pamoja. Usifanye hivyo. Kifuko kiwe na mshono wake, ngozi iwe na wake. Na wa kifuko ubane sana, chakula kisipite.”

“Mshono mdogo mdogo?” Munyiva akauliza.

“Mdogo kabisa, mama.”

Munyiva akautazama mkono wake uliopinda. “Basi hiyo ni kazi yangu.”

Aloys akaniangalia mimi. Nikamwambia, “Usiniangalie, kijana. Huyu akishaamua, ameamua.”

Akatupa dawa ya kuua viini, dawa ya ganzi ya kupuliza, uzi na sindano yake iliyopinda. Akaeleza tena kila hatua, na Munyiva akairudia kila hatua mpaka kijana akatikisa kichwa kwamba sawa.

“Lakini sikuahidi, mama. Wengine hufa.”

“Hata mimi nitakufa. Nipe uzi wangu twende.”

Ijumaa asubuhi tukatoa meza kibarazani. Maji yamechemka, sindano imechemka, wembe mpya uko kwenye sahani. Kasyoka tulimfunga mabawa kwa kitambaa, tukamfunika kichwa ili atulie, nami nikamshika. Munyiva akamnyonyoa manyoya ya pale shingoni, akapaka dawa, akapuliza ganzi, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi wa katani upande mmoja. Alipouinua wembe tu, tukasikia pikapu langoni.

Kisilu huyo, kamba za kufungia kitanda cha mamake zikiwa begani. Nyuma yake Ndolo, ambaye hakuwa amebeba chochote ila hamu yake.

“Mwaitu! Unafanya nini?”

Mimi mikono ikaanza kutetemeka. Kuku akarusha mguu.

“Kisilu,” Munyiva akasema bila kuinua macho, “nawa mikono na sabuni uje ushike kuku. Ngina anatetemeka.”

Niliudhika sana. Lakini kweli nilikuwa natetemeka.

“Mwaitu, achana na hii kuku, mimi nimekuja—”

“Nimekuona umekuja. Nawa mikono.”

Na lile jitu linaloendesha lori la simiti mpaka mpakani likaweka kamba chini, likanawa mikono kama mtoto anayeitwa kula. Akashika kuku. Mimi nikashika taa ya simu.

Munyiva alipasua ngozi, mkato mfupi tu, halafu akakipasua kifuko. Ile harufu! Ndolo alirudi nyuma mpaka kwenye ua, kofia puani. Munyiva akaingiza vidole viwili, akavuta polepole. Ikatoka katani. Akavuta, ikatoka tena. Zambarau, manjano, zambarau, imesokotana na pumba, imelowa, mpaka likadondoka kwenye sahani donge zima kama ngumi ya mtoto.

“Aiee! Hiki ni kiondo kizima!” nikapiga kelele. “Huyu kuku amesuka kiondo tumboni!”

Kisilu alikuwa amebadilika rangi.

“Usianguke juu ya kuku wangu,” mamake akamwambia.

Akaosha ndani mpaka maji yakatoka safi. Kisha akashika sindano, nami nikaisogeza taa karibu. Ule mkono uliopinda haukutikisika. Anachoma, anapitisha, anafunga, anakata. Mshono mmoja, halafu mwingine ubavuni mwake, midogo kama punje za mtama, imepangana sawasawa kama mwanzo wa kiondo pale kitakoni. Nikamwona Kisilu haangalii kuku. Alikuwa akiuangalia ule mkono, na macho yake yalikuwa yamejaa maji, na wala haikuwa harufu.

Alipomaliza kifuko, Munyiva alikibonyeza kidogo kwa kidole, akasubiri, akakifuta kwa pamba. Pamba ikatoka kavu.

“Hakivuji,” akasema, kama anavyosema kila akimaliza kiondo. Kisha akaishona ngozi, peke yake, kama alivyoambiwa.

Tukamweka Kasyoka ndani ya katoni jikoni. Alikuwa anapumua, basi. Kisilu akakaa kwenye kigoda, akajipangusa uso.

“Mwaitu, nitalala hapa. Akiamka mzima, sawa. Akifa, kesho tunapakia.”

“Akifa nitapanda mwenyewe,” Munyiva akasema. “Nilikupa mkono.”

Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini alipokwenda kumwaga yale maji machafu nilimwona amesimama nyuma ya jiko, ameshika ukuta wa nyumba yake kwa kiganja, ameuegemea tu. Nilirudi kwangu nikilia kwa hasira, na sijui hasa nilikuwa nimemkasirikia nani.

Jumamosi hata chai sikunywa. Nilipofika, Kasyoka alikuwa amesimama. Amesimama! Munyiva akampa uji mwepesi kwenye kifuniko, akanywa, akainua kichwa, akanywa tena. Nikaanza kushangilia, Munyiva akaninyamazisha kwa mkono.

“Bado. Aloys alisema kinachoingia lazima kitoke. Kikitoka, njia imefunguka.”

Basi tukakaa. Watu wazima wanne, na Ndolo akiwemo, tumekaa kimya kibarazani tukitazama makalio ya kuku. Ningepita njiani nikaona watu wa namna hiyo ningewaombea. Kisilu alikuwa ameinamia goti, hapepesi. Kasyoka akatembea kidogo, akasimama, akatutazama kama anayetuuliza tumekosa kazi, akainua mkia.

“Hiyo hapo!” Kisilu akaruka. “Mwaitu, hiyo hapo!”

Munyiva akapiga kigelegele. Munyiva, ambaye hata arusi za watoto wake alikaa kimya! Mimi nikakipokea, nikakipeleka juu, majirani wa ng'ambo wakaja mbio wakidhani kumezaliwa mtoto. Tukawaonyesha kinyesi. Wengine walikasirika, lakini wengi walicheka mpaka wakashika mbavu, na yule aliyesema Munyiva awe anasokota nyuzi tu aliinama akautazama ule mshono kwa muda mrefu, kisha akasema oda ya kwaya ijayo aianze Munyiva.

“Kwa hivyo hakuna firigisi,” Ndolo akasema kwa huzuni.

“Firigisi ipo, shemeji,” Munyiva akamjibu. “Imo ndani ya kuku, inafanya kazi.”

Katika zile kelele, Kisilu aliokota kamba zake, akaingia kwenye pikapu, akaondoka. Hakuaga. Chai yake ilibaki mezani.

“Amekasirika,” Munyiva akasema, na furaha ikamtoka usoni. “Alitaka nikae naye. Si mtoto mbaya.”

Akakaa akikisafisha kile kibaraza, akiokota uzi mmoja mmoja wa katani uliobaki chini. Alikuwa bado anaokota pikapu iliporudi. Nyuma ilikuwa imejaa nguzo, mbao, mabati na wavu wa waya, na vyote vimefungwa kwa zile kamba alizokuja nazo za kitanda cha mamake.

Kisilu akavua shati, akachukua jembe, akaanza kuchimba mashimo mbali na pale tunaposukia. Aliposimamisha nguzo ya mwisho nikaona ukubwa wa lile banda, nikashindwa kuvumilia.

“Kisilu, banda lote hili la kuku mmoja?”

Akajifuta jasho. “Anti, mimi nilisema atahama kuku wakiisha.”

“Ulisema.”

“Basi sitaki waishe.” Akageuza nyundo mkononi. “Anti, nilidhani ule mkono umekwisha. Nilikuwa nawaambia watu mkono wa mama umekwisha.”

Nikamwokotea misumari. Akageuka akapigilia mlango. Munyiva akatoka jikoni na kikombe cha chai moto, Kasyoka kwapani, akasimama akalitazama banda juu hadi chini, akalizunguka, akarudi mbele.

“Mlango umeweka vibaya,” akasema. “Nataka uangalie jikoni, niwaone nikipika.”

Kisilu akang'oa misumari yote, akaanza upya.